Kadi Iliyofaulu Ikiwa Baridi

Mtu anayenunua kadi ya michoro ya kompyuta kwa kutazama boksi ananiudhi. Dukani kwetu, mimi na kaka yangu, tuliuza kadi zilizotumika, na tulikuwa na kitu ambacho maduka ya jirani hayakuwa nacho: neno langu. Nikisema kadi ni nzima, ni nzima. Jina langu ndilo lililotulisha wote wawili.

Kupima kwangu hakukuwa na mbwembwe. Unafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, unaandika amri, kisha unaiambia programu unachotaka: ukubwa wa picha, wingi wa vivuli, muda. Ukitaka unaibana kadi mpaka iheme, ukitaka unaibembeleza. Mimi naibana nusu saa. Masharti yangu yote niliyafunga kwenye amri moja fupi, nikaiita "kaza", ili kaka apime bila kunisumbua. Nilimfundisha mwenyewe, tumekaa bega kwa bega.

Asubuhi moja akarudi mteja wetu, mtengenezaji wa filamu za katuni, na kadi tuliyomuuzia mkononi.

"Imezima katikati ya kazi," alisema. "Na ile kazi wamempa mtu mwingine."

Nilikuwa stoo. Nilipotoka, kaka alishaandika "kaza" kwenye kadi nyingine, na majibu yalikuwa kwenye skrini.

"Si unaona mwenyewe? Fremu mia mbili kwa sekunde! Chukua hii, tuyamalize."

Nina mazoea ya kuigusa kadi ikishapimwa. Niliigusa. Ilikuwa baridi kabisa, na hata nikiwa stoo sikuwa nimesikia feni ikinguruma. Kadi iliyobanwa haiwezi kuwa baridi.

"Kaka, umepima kwa muda gani?"

"Ule ule wako, mdogo wangu. Mbona maswali?"

Nikaifungua "kaza". Picha ilikuwa imepunguzwa mpaka ukubwa wa simu ya zamani, vivuli vimefutwa, muda ni dakika moja. Kwa masharti hayo hata kadi mahututi inafaulu. Waliojua kuibadilisha amri ile ni wawili tu, na mimi sikuigusa. Nilipigwa changa la macho na mtu niliyetoka naye tumbo moja.

Kwa hasira nikaandika masharti yangu yote kwa mkono, mteja akiangalia. Feni ikapiga kelele. Hazikupita dakika nyingi, skrini ikajaa mabaka ya kijani na waridi, kisha ikawa giza.

"Kwa hiyo na ile ya kwanza mlinipimia hivi hivi?" mteja aliuliza.

Nilimsubiri kaka aseme ukweli. Kweli kabisa, niliamini atasema. Akaniwekea mkono begani, kwa upole.

"Utuwie radhi, bwana. Anayepima ni huyu mdogo wangu. Mimi muuzaji tu, naandika neno alilonipa, mambo ya kompyuta siyajui. Nimemwambia mara ngapi asiwe na haraka."

Mteja hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye niliyekuamini," alisema.

Nikafungua mdomo. Mkono wa kaka ukanibonyeza bega taratibu, vile alivyokuwa akinibonyeza utotoni mbele ya baba, kwamba ninyamaze, aongee yeye, tupone wote. Safari hii alikuwa anapona peke yake.