Puto Juu ya Mstari wa Tatu

Laurenti aliapa kwamba hatarudi Kibosho bila mkewe Hedwiga, na kiapo hicho kilimfunga Johannesburg kuliko pingu. Kila Krismasi dada zake Hedwiga walimpigia simu. "Shemeji, dada yetu analala kwa nani huko?" Naye kila mwaka alijibu lilelile: wakubwa wamekataa.

Hakuwa akisema uongo. Hedwiga alikufa Januari ya korona, mipaka imefungwa, Laurenti mwenyewe kalazwa na mpira wa hewa puani. Walimzika watu wasiomjua, wamevaa meupe kama wapulizia dawa ya mende. Mwenye gari la maiti akamletea karatasi: mstari wa tatu, kaburi la saba, kuhesabu kutoka mfereji wa saruji. Kisha mwenye gari naye akafa. Laurenti alipopata nguvu za kwenda makaburini, alikuta sehemu ile imezungushiwa uzio. Ardhi inatitia, wakamwambia, haingii mtu mpaka wataalamu waje kupima. Wataalamu hawakuja. Majani yakaota mpaka kiunoni, na mama wa dirishani pale ofisini hakubadili neno.

"Mstari wa tatu una makaburi sita, baba. La saba halipo. Siwezi kukupa kibali cha kufukua kaburi ambalo halipo."

"Kwa hiyo mke wangu mlimzika hewani?"

"Anayefuata," mama alisema.

Basi ikawa desturi. Kila mwezi alipanda taksi mbili mpaka makaburini, akakaa juu ya marumaru ya kaburi la mtu, iliyo karibu kabisa na uzio, kwa nje, akawasha sigara na kuchungulia kwenye nyaya. Hapo aliwalaani wote kwa zamu: meya, waziri, daktari, na fundi aliyesimika zile nguzo. Sigara ikiisha aliizima juu ya marumaru, akaondoka. Nyumbani Joubert Park alipanda ngazi ghorofa tisa, maana lifti ilitangulia kufa kabla ya Hedwiga, na mwenye jengo hapatikani kwa simu wala kwa maombi. Dirishani kulikuwa na mmea wa isale kwenye kopo la rangi. Hedwiga aliutoa kwao ukiwa kipande, umefungwa gazeti bichi. Laurenti aliumwagilia, akaketi, akaitazama mitaa kama mfungwa anayetazama uwanja wa jela.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za watu katika bustani ya Joubert Park, kabla simu hazijamfanya kila mtu mpiga picha. Darasa la tano hakulimaliza. Aliyemfundisha kamera ni Gaston, mzee wa Kikongo, marehemu sasa, aliyependa kusimulia habari za Mfaransa wa zamani aliyepanda angani kwa puto akapige picha mji wake. Kila akishuka, vioo vyake vya picha, maana filamu hazikuwapo, vilitoka vyeusi. Alipanda tena na tena, watu wakamcheka. Kumbe gesi iliyokuwa ikivuja mdomoni mwa puto ndiyo iliyoharibu dawa ya vioo. Siku alipoufunga mdomo, mji ukaonekana. "Usitukane kamera," Gaston alikuwa akisema. "Tafuta kinachoharibu."

Jumamosi moja puto lilimponyoka Ignace, Mkongo wa Lubumbashi aliyepamba harusi kwa maputo. Laurenti alilifuata kwa macho mpaka likapita paa la ghorofa yake.

"Ignace, lile linaona wapi saa hizi?"

"Papa, linaona mpaka kwetu."

"Na ndani ya uzio halioni?"

Ignace alimtazama, akaelewa, akaacha kucheka.

Mara ya kwanza walikwenda saa sita mchana. Maputo makubwa ishirini ya harusi, meupe na waridi, na chini yake simu kuukuu iliyotegeshwa ipige picha yenyewe kila sekunde kumi. Kamba Laurenti aliifunga kwenye jiwe la marumaru yake ya kila mwezi. Mlinzi akaja anaburuta viatu.

"Sherehe ya nani?"

"Ya mama mumoja," Ignace akajibu. "Iko ndani, lakini mulango mulimufungia."

Mlinzi alikuna shingo akaenda kuangalia lango lake.

Picha za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. "Ile simu inazunguka kama mulevi," Ignace alisema. Laurenti akailaza kwenye kibao, akakining'iniza kwa kamba nne kutoka pembe nne, kikatulia. Picha zikatoka safi. Zilionyesha majani. Majani matupu, sawasawa kama zulia, toka mfereji mpaka uzio.

"Labda kweli haipo, papa," Ignace alisema polepole.

Laurenti alikunja kamba, akatangulia langoni. Wiki ile alilala na kuamka akiwatukana wakubwa, kwamba hata chini ya ardhi wanajua kufuta alama. Kisha, akinyoa mbele ya kioo chenye taa juu, aliyakumbuka maneno ya Gaston, na akamkumbuka mteja mmoja mwenye makovu ya ndui aliyekuwa akija bustanini kila Pasaka. Yule hakukubali kupigwa picha ila ametazama jua uso kwa uso, maana hapo ngozi hutoka laini. Siku moja Laurenti alimpiga jioni, jua liko ubavuni, kila shimo likapata kivuli chake, na mtu yule hakulipa wala hakurudi.

Akapanguza sabuni, nusu ya uso haijanyolewa. "Jua," alikiambia kioo. "Nilienda na jua la utosini."

Juni, alfajiri isiyo na upepo, wakarudi. Sakitu nyeupe ya baridi imelaza majani yote, vidole vya Ignace vimekufa ganzi kwenye fundo. Jua lilipochungulia nyuma ya mikalitusi, walipandisha maputo, wakayashusha, na Laurenti akaifungua simu.

Wafu walikuwapo. Kila kaburi lilikuwa limebonyea, na kila bonde limejaa kivuli. Laurenti alihesabu kwa kidole toka kwenye mfereji. Mstari wa tatu: moja, mbili, mpaka sita. La sita likagusa uzio. Na nje ya uzio, bonde jingine, nusu kivuli, na nusu limekaliwa na marumaru pana yenye kamba ya maputo shingoni.

Uzio ulikuwa umeliacha la saba nje. Ofisi ilihesabu yaliyobaki ndani. Naye muda wote huo alikuwa akichungulia kwenye nyaya, mgongo amempa mkewe, anazima sigara ubavuni pake.

"Papa, kaa chini," Ignace alisema.

"Nikae wapi?"

Ofisini mama aliitazama picha kwa muda mrefu, akamwita mkubwa wake, na mkubwa akamwita wake. Hawakuomba radhi. Wakasema kaburi sasa linaonekana, lakini marumaru ile ina wenyewe. Bila saini ya familia, jiwe haliguswi. Ilikuwa kana kwamba Laurenti ametolewa chumba kimoja cha jela na kutiwa cha pili. Safari hii hakutukana. Aliomba anwani.

Mwenye jiwe aliitwa Thabo; mjane wake Nomsa alikuwa akiishi mtaa wa Bellevue. Laurenti alikata jani moja la isale, pamoja na kipande cha shina. Uchagani, aliyekosa akikuletea jani hilo, hulikatai, hata kama kakuchomea ghala. Njia nzima alibishana nalo: kosa langu lipi? Waliokosa wako ofisini wanakunywa chai. Alipofika kwenye taa za mwisho za barabarani, zile wanazoita robot, majivu ya sigara zote zile yalimjibu.

Nomsa alisimama nyuma ya geti la vyuma, aproni kiunoni, hakufungua. Laurenti alieleza kwa Kizulu chake cha bustanini, akapitisha simu kati ya nondo. Nomsa aliiangalia picha.

"Vichungi vya sigara," alisema. "Kila nikienda nafagia vichungi. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nilidhani ni wahuni. Niliwaombea mabaya."

"Yamenifika."

Nomsa alikaribia kucheka, akajizuia. "Mimi siwezi kusaini peke yangu. Kuna kaka zake Thabo, na wao wakikaa kikao hawainuki. Wanaweza kukataa."

"Najua."

"Sasa hili jani la nini?"

Laurenti aliliinua jani. Kwao lisingehitaji maneno. Mtu angelipokea na shauri lingekwisha hapohapo. Hapa lilikuwa jani tu mkononi mwa mzee wa kigeni.

"Ni la mke wangu," alisema. "Linaomba radhi kwa ajili yangu."

Nomsa alitoa mkono kati ya nondo, akalichukua, akaligeuza nyuma na mbele. Geti bado limefungwa.

"Likiwekwa kwenye maji litakaa?"

"Litatoa mizizi."

"Njoo Jumapili, baada ya kanisa," Nomsa alisema. "Watakuwapo." Akaingia ndani kutafuta chupa.