Siku Isiyo na Vyuma

Bisibisi ilimponyoka fundi saa, ikakwaruza uso wa saa ya mteja. Mkono uliozoea skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta sasa ulitetemeka kama wa mlevi. Aliomba radhi, akasingizia baridi, ilhali jua lilikuwa limewaka mpaka dukani.

Alijua chanzo ni vyuma. Wiki chache baada ya kumzika binti yao mchanga, alipita nje ya ukumbi wa mazoezi, akasikia mlio wa chuma kwa chuma, akaingia. Anayeanza hupewa nondo tupu, hufundishwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo. Yeye hakutaka kuanza, alitaka uzito. Alikwenda kila siku, hata siku alizokatazwa, na wenzake wakambandika jina la Mshale kwa wembamba wake. Aliwachekea. Lolote lilikuwa afadhali kuliko kurudi nyumbani, ambako kitanda cha mtoto kilikuwa bado dirishani na mkewe alikuwa bado hajalia mbele yake. Aliogopa kwamba siku moja angerudi asimkute, na woga huohuo ndio uliomchelewesha.

Jioni ile alifunga duka mapema, akaenda moja kwa moja ukumbini. Mwalimu, mwanamke wa maneno machache na mabega mapana, alimpokonya nondo.

“Kaka, tangu uanze umepungua.”

“Basi niongezee uzito.”

“Ongeza usingizi. Hapa tunauchosha msuli tu, unakua ukiwa umepumzika. Nenda nyumbani. Kesho nisikuone.”

Alibisha, akabembeleza, akatania kidogo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mwalimu naye hakuwa mtu wa kurudia dozi. Alimpa mgongo, akawageukia wengine.

Barabarani miguu ilimtafutia visingizio. Alisimama kwa muuza magazeti, akasoma vichwa vya habari bila kuelewa hata kimoja. Mwishowe hakubakiwa na pa kwenda ila kwake.

Mkewe alikuwa ameketi mkekani, kando ya kile kitanda.

“Mbona mapema?”

“Nimefukuzwa.”

“Umefanya nini?”

“Sijapumzika.”

Mkewe alicheka kidogo, kicheko kikakatikia njiani. Akauliza huko kupumzika kwenyewe ni kufanya nini. Akajibiwa kwamba ni kutofanya kitu. Basi akasogea, akamwachia nafasi.

Fundi aliketi. Goti lilimchezacheza. Macho yake yalizunguka chumbani yakitafuta kazi, yakaliona komeo la dirisha limelegea, naye akaanza kuinuka.

“Limelegea tangu mwaka jana,” mkewe alisema. “Liache.”

Akaketi tena. Alitamani mlango. Nje watu walipita wakizungumza mambo yao, kisha kukawa kimya, na kimya hicho kilimuuma mwili mzima kuliko chuma chochote alichowahi kunyanyua.

“Asubuhi yake ya mwisho alicheka,” mkewe alisema polepole. “Mara ya kwanza, kicheko cha sauti. Wewe ulikuwa umeshatoka. Tangu siku hiyo nangoja ukae nikwambie.”

Fundi alifumba macho. Machozi yalimtoka, na mikono yake ilitetemeka waziwazi bila kisingizio.

“Alichekaje?” aliuliza.

Mkewe alifikiri, akavuta pumzi, akajaribu kumwonyesha.