Sehemu Aliyoiruka Mama Luc

Kamati ya amani ya mtaa wao, kule Kavimvira, ilikuwa na kanuni saba, na sita kati yake hakuna aliyezikumbuka. Ya nne waliijua hata walevi: ukisimama kusema, toa sababu ambayo jirani wa dini yoyote, au asiye na dini, anaweza kuipima. "Mungu ameniambia" haipokelewi.

Aliyeiandika ni mwenyekiti mwenyewe, Mwalimu Gédéon, mfundishaji wa elimu ya uraia, mtu anayepiga pasi hata shati la kushindia nyumbani. Wengi walidhani kaitoa vitabuni. Thubutu. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Gédéon akiwa na miaka kumi na miwili, katika kijiji kimoja cha uwanda wa Ruzizi, nabii alisimama kwenye chumba cha maombi akasema Mungu amemwonyesha mchawi aliyemuua mtoto wa jirani, kisha akamnyooshea kidole mama yake Gédéon. Mama alijaribu kujitetea, nao wakaimba kwa nguvu mpaka sauti yake ikamezwa. Walimfukuza, akafia Nyakabere kwa dada yake. Karatasi ambayo wazee wa kanisa waliandikia hukumu ile Gédéon anayo mpaka leo, na mstari wake wa mwisho anaujua bila kuusoma: Alipoulizwa, hakujibu neno.

Jumamosi hiyo wajumbe saba walikutana darasani kuamua jambo moja: Térence arudi kwao, au asirudi? Miaka mitatu nyuma Térence, dereva wa pikipiki, alikuwa amelewa alipomgonga Luc, mtoto wa miaka tisa, akamuua. Alifungwa, akamaliza kifungo chake, na sasa alikuwa kwa mjomba wake, kule Luvungi, akingoja jibu. Mama yake, Pudentienne, amepooza upande mmoja, na hana wa kumchotea maji. Bila ridhaa ya kamati, vijana wa mtaa walikwisha kuapa kwamba hatalala hapo hata siku moja.

Mjumbe mmoja, Marie-Rose, alisema mgonjwa anamhitaji mwanawe. Thaddée, mjumbe aliyepakana na Pudentienne, akajibu kwa upole kwamba mgonjwa atatafutiwa mtu. Yeye anachojali ni usalama wa watoto. Sababu safi, haina doa, ikaandikwa. Kila mtu darasani alijua kwamba ukuta wa Thaddée husogea kila masika kuelekea kiwanja cha Pudentienne, na kwamba mama huyo akibaki peke yake atauza. Lakini kanuni ya nne haichunguzi mioyo.

Kisha akaitwa Mama Luc. Jina lake ni Domitille, ila hakuna aliyelitumia tangu amzae Luc, na walipomzika mtoto hakuna aliyethubutu kulirudia.

"Minye nataka arudi," alisema.

"Sababu yako, mama?" Gédéon aliuliza.

"Kila siku nasali Baba Yetu. Nikifika pale pa kusamehe, naruka. Miaka tatu niko naruka. Nimechoka kuruka."

Marie-Rose alijifuta macho. Thaddée akainua mkono taratibu, akamgeukia mwenyekiti. "Président, kanuni ya nne."

Gédéon aliishika kalamu. Alitamani kuyaandika maneno yale kama yalivyo. Lakini ukimfungulia mlango Mungu wa Mama Luc leo, kesho nabii atapita mlango huohuo, na mama wa mtu mwingine atafukuzwa.

"Mama Luc, sema tu akirudi, mutaa itapata amani. Ile tutaandika."

"Amani gani? Minye sina amani. Na mama yake simupendi, nikimuona napita njia ingine. Mwalimu, weye unataka nidanganye?"

"Haiko kudanganya, mama. Ni kusema kwa namna ya watu wote."

"Kama vile Papa Thaddée amesema?"

Mtu fulani alikohoa. Thaddée alitazama dirishani.

Walipiga kura. Watatu walitaka arudi, watatu wakakataa, ikabaki kura ya Gédéon. Aliutazama ukurasa. Upande mmoja usalama wa watoto. Upande wa pili mgonjwa ambaye tayari ameahidiwa msaada. Na pa mama wa marehemu, pengo. Sheria ni msumeno, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, na wao wakinakili. Aliinua mkono upande wa Thaddée, akajichukia kabla hajaushusha. Térence hatarudi. Kisha akalijaza lile pengo kwa mstari mmoja, akafunga mkutano.

Watu walipotoka, Mama Luc alibaki, akakisogelea kitabu cha mkutano.

"Minye umeniandika namna gani?"

Gédéon alimsomea: "Mama wa marehemu alipoulizwa, hakutoa sababu." Akaisikia sauti yake mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wake, ila sentensi aliijua tangu utotoni.

"Lakini nilisema, Mwalimu. Wote mulinisikia."

"Tulikusikia, mama."

Mama Luc alifunga kitenge chake vizuri. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Gédéon kuliko matusi. Alikwenda hadi mlangoni, akageuka.

"Sasa kesho ku misa, nikifika pale, nifanye nini? Niruke tena?"

Gédéon hakujibu neno.