Vyerehani Vinavyoshona Hewa

Naapa, sijawahi kuona upuuzi kama ule. Vitambaa vimekwisha stoo tangu mwezi uliopita, na sisi wanawake tisa tumekaa kwenye vyerehani vya umeme, tunakanyaga pedeli, tunashona hewa!

Bosi alisema agizo limetoka juu: siku hizi uchumi unapimwa kwa umeme. Kiwanda kisichotumia umeme wa kutosha kinahesabiwa kimekufa, kinakatiwa laini. "Kwa hiyo kanyageni," akasema. "Mita ikizunguka, kazi mnayo."

Haya, tukakanyaga. Sindano bila uzi, asubuhi mpaka jioni. Wifi yangu alikuwa mashine ya pembeni. Mimi ndiye niliyemtafutia nafasi ile, kwa kupiga magoti, maana kaka yangu yuko kitandani hajiwezi na nyumba nzima inamtegemea mkewe. Hakuinua mguu hata kwenda chooni.

"Wifi, pumzika bwana, hiyo suruali unayoshona haina wa kuivaa," nikamtania.

"Niache tu, wifi. Wakikata laini nitakwenda wapi mimi?"

Siku ya nne mguu wangu ulivimba, ukagoma kabisa. Mimi na ujanja wangu wa kipumbavu! Nikatoka nje, nikaokota tofali, nikalitua juu ya pedeli. Mashine ikanguruma yenyewe. Nikanyoosha mguu, wenzangu wakacheka hadi machozi. Wifi naye alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu kaka augue. Nikamletea na yeye tofali lake.

Hatukumwona bosi mlangoni. Nilidhani atatufokea. Wapi! Alitazama tofali, akatazama mita, akaondoka.

Jumatatu tulivisikia vyerehani vinanguruma tangu barabarani. Mlinzi akatuzuia getini. Tukazunguka nyuma, tukachungulia dirishani: mashine tisa, matofali tisa, mtu hakuna.

Mwezi haukuisha, barua ya pongezi ikabandikwa kwenye ukuta wa geti kutoka ofisi ya takwimu. Matumizi ya umeme yamepanda, kiwanda ni mfano wa ukuaji wa nchi. Nilitamani kuichana kwa meno.

Wenzangu walinitukana, na haki yao. Wifi hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinishika mkono, akaniuliza taratibu, "Wifi, huna ujanja mwingine?"

Sikuwa nao.