Pipa la Tatu Kutoka Mlangoni

Ukikutana na mtu wa kiwanda cha ngozi akalalamika kuhusu harufu, jua ana siku mbili kazini. Siku ya tatu pua inakufa, wala hakuna anayeizika. Mimi nilikuwa na mwaka wa kumi na moja pale, mtunza stoo. Wenzangu waliniita Mwalimu kwa kejeli tu, maana shule ilinifukuza kidato cha tatu nikatoka na kitu kimoja kichwani: kuandika fomula za kemikali. Mengine yote nilimwachia mwalimu mkuu.

Magunia ya kemikali yalifika yamechanika, tukayamimina kwenye mapipa ya buluu, nami nikaandika kwa chaki ubavuni mwa kila pipa. Siandiki jina zima. Jina refu huliwa na unyevu kabla ya saa sita. Fomula haizidi kiganja.

Aliyezisoma zaidi ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Yeye aliendesha ngoma, ndivyo tulivyoliita lile pipa kubwa la mbao linalozungusha ngozi. Alipoanza kazi hakujua hata alama ya chumvi, nikamfundisha mchana, tumekaa juu ya magunia. Nilimwambia sodiamu ana mkono mmoja wa kushikia, klorini naye mmoja. Wakishikana wametosheka, wala haandikwi namba mtu: NaCl, sodiamu kloraidi. Metali hutangulia na jina lake halibadiliki. Wa pili ndiye anayebadilishwa jina kama bi harusi: klorini anakuwa kloraidi, salfa anakuwa salfaidi. Lakini salfa ana mikono miwili. Akimshika sodiamu mmoja, mkono wa pili unabaki unapapasa hewa, kwa hiyo ataita sodiamu mwingine: Na₂S.

“Kumbe salfa ni mume wa wake wawili,” alisema shemeji.

“Ndiyo maana ananuka, hana muda wa kuoga.”

Alicheka hadi akakaa vibaya kwenye gunia la chokaa. Kesho yake alinunua daftari.

Na₂S hunyonyoa manywele kwenye ngozi. Haitakiwi kukutana na asidi, kwani zikikutana hutoa gesi inayomwangusha mtu kabla hajamaliza kusema “jamani”. Kila mtu pale alilijua hilo. Lakini meneja alituagiza tukung'ute chumvi kutoka kwenye ngozi mbichi na kuitumia tena, na chumvi iliyorudiwa hugeuka ya manjano, yenye mabonge na majimaji. Salfaidi iliyokaa sana huwa hivyohivyo. Ukiweka viganja viwili vyake sambamba, hata mimi sivitofautishi kwa macho.

Ndiyo maana nilikuwa na desturi yangu. Kabla ya kuandika, nachota punje kidogo kwenye kizibo cha chupa, natoka nje upande upepo unakokwenda, nadondoshea tone la asidi. Ikichemka ni salfaidi. Ikitulia ni chumvi. Dakika mbili tu.

Siku ile mvua ilipenya paa, wapakuzi wakasukuma mapipa upande mkavu, maji yakafuta chaki zangu zote. Niliyakuta yamepangwa vizuri kama kawaida. Miaka kumi na moja chumvi imekuwa pipa la tatu kutoka mlangoni, nikaandika NaCl kwenye la tatu. Shemeji alikuwa anasubiri, ngoma imeshajaa ngozi.

“Umejaribu na kizibo, shem?” aliniuliza.

“Nikikosea wewe utakuwa wa kwanza kujua.”

Alicheka. Nami nilicheka. Akabeba ndoo zake.

Alimwaga kile alichodhani ni chumvi, halafu akamwaga asidi, kama utaratibu ulivyotaka. Mwenzake alimwona ameanguka, akakimbia kumvuta, naye akaanguka juu yake. Tulipowafikia wote wawili walikuwa wamelala kama watu waliochoka. Baadaye kidogo nilikwenda stoo na kile kizibo. Pipa la nne lilikuwa limetulia. La tatu lilichemka.

Nilichukua kitambaa nikafuta chaki yangu.

Wiki hiyo meneja aliniita, akanisomea karatasi aliyoiandaa kwa ajili ya mkaguzi wa usalama kazini: marehemu hakuwa na elimu ya kutosha, alisoma fomula vibaya, akachukua pipa lisilo lake. Nilitakiwa kutia sahihi tu. Alisema maiti hafukuzwi kazi wala hafungwi, lakini mimi nina watoto. Nilimwambia nitasaini mkaguzi akifika. Nyumbani mke wangu hakuwa akiniuliza kitu. Alikuwa ananipikia na kunipa pole, na ile pole ilinikaba kuliko gesi.

Siku ya mkaguzi nilimkuta mama mkwe kwenye benchi, nje ya ofisi. Tangu nioe sijawahi kukaa benchi moja naye, tulikuwa watu wa kuamkiana na kupishana. Nilimwamkia, akapapasa pembeni yake nikae. Kisha akatoa daftari mkobani.

Alinieleza polepole. Mama wa yule kijana aliyekufa akimvuta mwanawe, mtu waliyechota naye maji miaka ishirini, hampokei salamu. Mtaani wanasema mwanawe ameua mtoto wa watu kwa ujinga. Yeye hakusoma, hajui aseme nini.

“Nisomee, baba. Kama kweli hakujua, nikamwombe mwenzangu msamaha.”

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kosa. Alikuwa ameandika AlO, na chini yake mwandiko wangu: *alumini ana mikono mitatu, oksijeni miwili, wewe umewakata.* Akasahihisha: Al₂O₃. Ningeweza kufunga daftari palepale na kumwonyesha mkaguzi ukurasa ule mmoja. Mlango wa meneja ulikuwa wazi, aliniona nalo, akanikonyeza.

Niligeuza kurasa. Kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂, mabano yake mahali pake. Sodiamu salfeti. Amoniamu salfeti. Salfaidi ameiandika mara tisa, na kila mara namba mbili ameikoleza. Nilimsomea mama zote kwa sauti, moja moja, kana kwamba na yeye anasoma pamoja nami.

“Ni moja tu aliyokosea, mama. Ya siku ya kwanza.”

“Sasa siku ile alisoma nini?”

“Alisoma sawasawa kile nilichoandika mimi. Chaki ilikuwa yangu. Aliniuliza kama nimejaribu, nikamtania.”

Alichukua daftari mkononi mwangu, akasogea hadi mwisho wa benchi, akalikumbatia.

Niliingia ofisini. Nilimwomba mkaguzi karatasi nyingine, tupu. Juu kabisa niliandika NaCl na Na₂S, nikaeleza ipi ni ya pipa gani, na nani aliandika, na nani alifuta. Meneja alisema nimechanganyikiwa na msiba. Mkaguzi alinisogezea kalamu, nikaweka sahihi.

Nilipotoka benchi lilikuwa tupu. Nyumbani nilikuta watoto peke yao, sufuria iko mekoni, na nguo za mama yao hazipo kwenye kamba. Mkubwa aliniambia mama kaenda kwa bibi, kasema tusimsubiri. Niliwapakulia, tukala. Kisha nikapanga viatu vyangu mlangoni, nikakaa kuwasubiri askari.