Kiraka cha Kumi na Saba

Abubakar Boga alikuwa na pete ya fedha kwenye kidole cha kati, na kwa pete hiyo alifundisha nusu ya watu waliowahi kufanya kazi katika chumba cha mashine pale Kombani. Maneno hakuyatumia sana. Mwanafunzi alisoma orodha yake kwa sauti, Abubakar akafumba macho kusikiliza, na palipokosewa aligota meza kwa pete: ko! Msomaji akarudi nyuma, akalitafuta kosa mwenyewe, akaendelea. Pasipogotwa, ni sahihi. Mtindo huo aliurithi kwa marehemu baba yake, aliyesomesha Kurani katika chuo chake kule Msambweni, na hakuona sababu ya kuubadilisha eti kwa kuwa kinachosomwa siku hizi ni majina ya programu.

Shirika lao lilikuwa la bima ya matibabu. Zahanati zilizotibu wanachama wake, kuanzia Diani mpaka mpakani, ziliandika kila kitu katika mashine moja kubwa: ugonjwa, dawa, kipimo cha sukari, jina la mtu asiyepaswa kudungwa penisilini. Mashine yenyewe ilikuwa na kimo cha kabati la nguo, na Abubakar alikuwa ameitunza miaka kumi na tisa. Sasa diski zake zilikuwa zimezeeka. Mpya zilikwisha kuwasili, na rekodi zote zilitakiwa zihamishiwe huko Jumamosi asubuhi, huku zahanati zikiendelea kuandika, maana mgonjwa haambiwi asubiri diski.

Kazi ya namna hiyo huharibika kabla haijaanza. Programu ya kuhamishia hutoka kwa watengenezaji ikiwa na kasoro zake, nao hutoa viraka, yaani vipande vya programu vya kuziba kasoro hizo. Viraka vyote vinavyohitajika huwekwa kwanza, ndipo diski ziguswe. Ukikosa kimoja, huenda usione chochote. Ukikosa kingine, rekodi za watu zinapotea na mashine inakuambia kwamba mambo yote ni shwari.

Kazi hiyo Bwana Chirau, mkuu wa kituo, alimpa Jumwa.

Jumwa wa Kinango! Miaka sita nyuma msichana huyo aliingia mle ndani akitetemeka kwa baridi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba chumba cha mashine huvaliwa sweta. Sweta la kwanza alilovaa lilikuwa la Abubakar. Chai aliyokunywa ilitoka katika chupa ya Abubakar. Orodha ya kwanza aliyoisoma iligotwa mara kumi na moja, naye akarudi nyuma mara zote kumi na moja bila kununa. Leo karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema: Msimamizi, Jumwa. Chini yake, kwa herufi ndogo: Mshauri, A. Boga.

Mshauri! Kila alipopita mlango ule alilisoma neno hilo. Tusimzungushie maneno: mzee alikuwa na wivu. Ulikuwa ule wivu unaomfanya mtu mzima asikilize viatu vya mwenzake ukumbini ili ajue ameingia ofisi ya nani. Jumwa akisalimia, "Shikamoo mwalimu," Abubakar alijibu marahaba yake nzuri tu, kisha akabaki akijiuliza kama ile shikamoo haikuwa na kejeli. Haikuwa nayo. Lakini mwenye wivu hakosi cha kushuku.

Jumanne adhuhuri iliingia barua pepe kutoka kwa watengenezaji. Arifa zao zilikuja kwa anwani moja tu pale kituoni, ya Abubakar, kwani ndiye aliyeandikishwa tangu mashine ilipofungwa. Arifa ilikuwa fupi. Kiraka fulani kilikuwa na kosa. Kikiwekwa peke yake, kitakachoandikwa wakati diski ya zamani inaipokeza diski mpya hakitafika upande wa pili. Kiongezewe kiraka kingine, kilichotolewa siku hiyo hiyo.

Alikifahamu kile chenye kosa. Kilikuwa cha kumi na saba katika orodha ya Jumwa, na orodha ile Jumwa aliifunga Jumatatu.

Aliinuka ili amwite. Ukumbini Jumwa alikuwa amesimama na Bwana Chirau, wakicheka, na Bwana Chirau akasema, "Bila wewe, Jumwa, sijui tungefanyaje." Abubakar alisimama kidogo pale mlangoni. Halafu akarudi kwenye kiti chake na kuifunga ile barua.

Jioni hiyo nyumbani Msambweni, mkewe Biasha alimpakulia muhogo wa nazi akaona hauliwi.

"Una nini, Baba Twaiba?"

"Kazi."

"Kazi huwa inakufanya ule zaidi. Ni yule msichana?"

"Msichana gani?"

Biasha alicheka kwa sauti. "Haya, msichana gani! Mwaka mzima humu ndani ni Jumwa kasoma hivi, Jumwa kafahamu vile, mpaka nikawa naona wivu mimi. Tangu wampe kazi, hata jina lake hulitaji. Wallahi unamwonea kijicho mtoto uliyemfunza mwenyewe."

"Ah, wacha maneno yako."

"Nawacha. Wewe wacha kijicho."

Jumatano saa nne asubuhi Jumwa aliingia na orodha yake, akaketi upande wa pili wa meza kama alivyofanya miaka yote sita. "Mwalimu, nikusomee?"

"Soma."

Alifumba macho. Jumwa alisoma polepole, jina la kiraka, kazi yake, kinachokitangulia, na alisoma vizuri. Abubakar alipenda sauti ile hata siku hiyo, jambo lililomzidishia hasira. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Alipofika cha kumi na saba Jumwa alikisoma, akanyamaza kidogo.

Pete ilikuwa juu ya meza. Kidole kilikuwa ndani ya pete. Abubakar hakuuinua mkono.

Jumwa akaendelea na cha kumi na nane.

Usidhani alikusudia wagonjwa wadhurike. Mtu huyo hakuwa hivyo, na yeye mwenyewe alijiambia hilo mara nyingi kati ya Jumatano na Jumamosi. Mpango wake ulikuwa tayari: Jumamosi, kabla kidole hakijabonyeza kitu, mbele ya Bwana Chirau na wote, atagota meza. Atasema kiraka kimoja kinakosekana. Watu watashangaa. Uhamisho utaahirishwa wiki moja, hakuna atakayeumia, na ile karatasi ya mlangoni itaandikwa upya. Aliupanga vizuri sana. Hata sauti atakayoitumia aliichagua, ya upole, ya mtu anayemsamehe mtoto.

Jumamosi saa tatu walikuwa wanne chumbani. Bwana Chirau alivaa koti lisilomtosha. Husna, binti aliyekuwa ameajiriwa mwezi uliotangulia, alishika saa. Jumwa aliketi mbele ya kioo cha mashine, akageuka.

"Mwalimu, tuombee dua kwanza."

Abubakar hakulitarajia hilo. Aliinua mikono akaomba Mungu awasahilishie, na maneno yakamwia mazito mdomoni. Wote wakaitikia amina. Jumwa akageukia kioo.

Ko!

Husna alishtuka. Abubakar aliiacha pete juu ya meza kwa muda, kama alivyopanga, kisha akasema kwa ile sauti ya upole: "Tusubiri. Cha kumi na saba kina kosa. Kuna kiraka cha kukirekebisha, nacho hakimo katika orodha. Tukihamisha hivi, zahanati zitaandika na maandishi yatapotea."

Bwana Chirau alimwangalia Jumwa. Jumwa hakushtuka. Alibonyeza mara mbili, na juu ya kioo kikatokea kiraka kile kipya, jina lake, na siku kilipowekwa: Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

"Nimekwisha kukiweka, mwalimu," alisema. "Na kimejaribiwa."

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Chirau, akashusha pumzi. Kisha, bila ubaya wowote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kuelewa mambo, akauliza: "Lakini Jumatano si mlisoma pamoja? Mzee, ilikuwaje siku hiyo hukugota?"

Mashine ilivuma. Abubakar aliiondoa pete juu ya meza.

"Ni mimi," Jumwa akasema. "Jumatano nilisoma upesi mno pale. Mwalimu hakunisikia vizuri."

Ulikuwa uongo. Abubakar alijua, na Jumwa alijua, na hakuna mwingine mle ndani aliyejua. Bwana Chirau alitikisa kichwa akaridhika. Uhamisho ulianza saa tatu na nusu ukamalizika saa saba, na hakuna herufi hata moja iliyopotea. Biasha, aliyekuwa na miadi yake ya sukari Msambweni asubuhi hiyo, aliandikiwa dawa mpya na dawa ikaonekana katika diski mpya. Abubakar alikuwa amesahau kabisa kwamba ilikuwa siku ya miadi ya mkewe. Alipolikumbuka, njiani kurudi nyumbani, aliona haya akiwa peke yake.

Ila kabla ya kuondoka alimfuata Jumwa kwenye ngazi.

"Umejuaje?"

"Ulinifunza mwenyewe. Orodha ikilala, isomwe upya. Alhamisi nilifungua ukurasa wao nikakiona." Alikuwa anakunja sweta lake. "Nikawapigia simu kuuliza mbona hawakutuarifu. Wakasema walituarifu Jumanne."

Abubakar aliizungusha pete kidoleni.

"Jumatano nilipofika cha kumi na saba, nilikuwa na wasiwasi nacho. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa nakungoja wewe, mwalimu. Ukanyamaza, nikajua ni sawa." Sauti yake haikupanda. "Kwaheri. Nisalimie mama nyumbani."

Aliteremka ngazi. Abubakar alitamani Jumwa amtukane, amkaripie, lolote, ilimradi mtu apate pa kushikia.

Diski zilizosalia zilipangiwa mwezi uliofuata, na viraka vyake vilikuwa vingi zaidi. Jumatano ya kusomewa orodha, Abubakar aliwahi kazini. Alipangusa meza. Alimimina chai vikombe viwili, akaandaa hata alichotaka kusema, maneno matatu tu ya kuomba radhi, ambayo mtu wa umri wake huwa hajazoea kumwambia mtu wa umri wa Jumwa. Saa nne ikafika. Alifumba macho akangoja.

Sauti ilianza, ila ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Jumwa alikuwa anamsomea Husna. Husna hakuwa na pete. Aligota kwa kifuniko cha kalamu, na mgoto wake ulikuwa mwepesi, wa mtu ambaye bado hajajiamini. Mara moja Jumwa akarudi nyuma, akasahihisha, akaendelea. Chai ikapoa.

Kwenye cha ishirini na mbili Jumwa alikosea. Alikitanguliza kiraka mbele ya kile kinachopaswa kukitangulia, kosa dogo, la ulimi tu, na Husna hakuligundua. Abubakar hakufikiri. Mkono uliinuka wenyewe: ko!

Sauti ikakatika.

"Husna, ni wewe?" Jumwa aliuliza.

"Hapana, si mimi."

Abubakar aliegemea mbele, pete ingali juu ya meza, akingoja asikie Jumwa anarudi kwenye cha ishirini na mbili. Angerudi, angeliona. Alikuwa amegota kwa haki.

Karatasi zikafunuliwa upande wa pili.

"Sijui kama ni kosa au si kosa," Jumwa alisema. "Chukua maelezo ya kila kiraka, tuyaweke hapa mezani. Tutahakikisha wenyewe, kimoja kimoja."

Akaanza tena, tangu cha kwanza.