Firigisi Isiyo na Mtama

Ndege gani huyu? Mbinya alimgeuza kiganjani, angali na joto, wala jina halikumjia. Ni yeye mwenyewe aliyemwangusha kwa kombeo, akidhani ni kwelea kwelea, walafi wanaoishukia mitama ya kijijini Kola kwa maelfu. Rangi ilikuwa ile ile ya majani makavu. Lakini kwelea ana mdomo mnene wa kubangua punje. Wa huyu ulikuwa mwembamba kama sindano.

Alipoinua macho, Mzee Ndolo, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alikuwa ameufikia mgunga wenye viota katikati ya shamba la mama yake Mbinya, bomba la dawa mgongoni.

"Mzee, ngoja kwanza. Hawa si kwelea."

"Ni nani basi?"

"Sijui."

Ndolo akaangua kicheko. "Kalekye, umesikia binti yako? Chuo kikuu miaka miwili, na kandege kama haka hakajui! Wamefungiwa chuo kwa kurusha mawe, sasa amekuja kuyarusha huku."

Mama yake hakucheka, wala hakumtetea. "Mwaka jana tulivuna nusu gunia, Mbinya. Mwache mzee afanye kazi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kejeli. Mbinya akapiga magoti, akachukua kisu cha mama yake, akampasua ndege kama apasuavyo kuku wa Krismasi. Ndani ya firigisi mlikuwa na mguu wa panzi na viwavi wawili. Punje ya mtama, hata moja, haikuwamo.

Kalekye aliinama, akamgusa kiwavi mmoja kwa ncha ya kidole. "Huyu namjua," alisema polepole. "Ndiye anayetoboa mabua yangu."

"Ndege mmoja si ushahidi," Ndolo alisema, kicheko kimemwishia. "Kikundi kilishakata shauri. Na kwelea wakija wakamaliza huu mtama, mtakula vitabu?"

Kalekye alimtazama binti yake, akingoja. Mbinya akasimama kati ya bomba na mgunga.

"Mwambie mwaitu, mama yangu huyu, nikisikia, kwamba dawa hiyo inachagua wa kumuua," alisema. Ndolo aliangalia bomba, akageuza uso. "Basi mti huu haupulizwi. Kuanzia kesho alfajiri nitaulinda mtama huu mwenyewe hadi uvunwe, na chuo kikifunguliwa kabla ya hapo, kitanisubiri."